Kumpata mwanasaikolojia Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, na wengine wa Manyoni na Singida. Majibu ya mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi.

Mwanasaikolojia ni nani, na ana tofauti gani na daktari wa akili?

Mtaani wote huitwa "msaikolojia", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza. Amesoma udaktari miaka 5, akafanya mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini, kisha akarudi darasani miaka 3 kwa ajili ya ubingwa. Huyo anaandika dawa, anaagiza vipimo vya damu, anaweza kumlaza mgonjwa.

Mwanasaikolojia hakusomea udaktari. Amesomea namna watu wanavyofikiri, wanavyojifunza, wanavyoogopa na wanavyoshikwa na mazoea. Yule wa tiba ameongeza shahada ya uzamili yenye mazoezi na wagonjwa, kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Vifaa vyake ni mazungumzo yenye mpangilio, madodoso ya kupima, na mazoezi ya kwenda kufanya nyumbani. Dawa haandiki. Akikuandikia, umepotea mlango.

Kuna wengine watatu utakaokutana nao. Mshauri nasaha, au mnasihi, anaweza kuwa mtu mwenye shahada, na anaweza kuwa mtu aliyehudhuria mafunzo ya wiki chache, kwa hiyo jina hilo peke yake halikuambii kitu. Ofisa ustawi wa jamii anashughulikia matunzo ya watoto, migogoro ya familia na watu wasio na uwezo wa kulipia matibabu. Na yupo muuguzi wa afya ya akili, ambaye katika hospitali nyingi ndiye atakayekupokea kwanza. Usimdharau huyu ukidhani anakuchelewesha kumfikia "mwenyewe". Mara nyingi ndiye anayejua nani yupo, siku gani, na nani anafaa kwa tatizo lako.

Nikiwa Dodoma mjini, nianzie wapi?

Kwa watu wengi, anza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile ambayo wenyeji bado wanaiita General. Pale mapokezi usianze kueleza historia yako yote mbele ya foleni. Sema neno moja: "Naomba kwenda kliniki ya afya ya akili." Utafunguliwa faili na kuelekezwa. Kama una bima, ulizia hapohapo kama kumwona mwanasaikolojia kunalipiwa na kadi yako au ni kumwona daktari tu, maana mambo hayo mawili hayaendi pamoja siku zote.

Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe inapokea pia wagonjwa wa nje, yaani unakwenda asubuhi na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kama tatizo ni zito, limedumu miezi, au limewahi kumfanya mtu alazwe, ni heri kuanzia huko kuliko kuzunguka. Hospitali ya Benjamin Mkapa nayo ni ya rufaa. Mtu aliye na maradhi mengine yanayotibiwa pale, kama moyo au figo, amuulize daktari wake kuhusu kuonana na mtu wa saikolojia ndani ya jengo hilohilo, ili faili lake lisitawanyike.

Wanafunzi wa vyuo waanzie ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni kwao. Hapo hakuna ada ya kufungua faili, na ofisi hiyo inaweza kukuandikia barua ya kuahirisha mtihani, kitu ambacho mwanasaikolojia wa nje atahangaika nacho wiki mbili.

Kwa watoa huduma binafsi, usitumie bango la barabarani kama mwongozo. Piga simu, uliza maswali yaliyo chini kwenye sehemu ya "Nitajuaje kama ni mwanasaikolojia wa kweli?", ndipo uweke miadi.

Nikionekana natoka Mirembe, si watasema nimekuwa kichaa?

Huenda wakasema. Hospitali ile ilianzishwa mwaka 1927, na kwa karibu miaka mia jina lake limekuwa utani wa nchi nzima. Mtu akifanya jambo la ajabu huko Mwanza au Mtwara, anaambiwa apelekwe Mirembe. Wanaotania hivyo hawajui kwamba kwenye mabenchi ya kliniki ya wagonjwa wa nje hukaa mwalimu asiyelala, mama anayekuja kuchukua dawa za kifafa za mwanawe, na kijana anayetaka kuacha pombe. Kifafa kinatibiwa kwenye kliniki za afya ya akili nchini kwetu, ingawa ni ugonjwa wa ubongo kama mwingine.

Isanga, inayotajwa sambamba na Mirembe, ni jambo jingine. Ni sehemu ya watu walioletwa kwa amri ya mahakama. Mtu aliyekuja kwa miguu yake kuonana na mwanasaikolojia hapelekwi huko.

Kama bado jina linakuzuia, nenda General. Uamuzi wa kwenda sehemu ambayo utarudi tena ni bora kuliko kwenda sehemu nzuri zaidi mara moja ukaikimbia.

Niko kijijini, mbali na mjini. Lazima nije Dodoma?

Si lazima mwanzoni. Nenda zahanati au kituo cha afya, mweleze mganga wa zamu, na uombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Barua hiyo ni muhimu kwa sababu ukiruka ngazi, bima inaweza kukataa, na hospitali kubwa inaweza kukutoza kama mtu aliyejileta. Mwambie mganga aandike muda tatizo lilipoanza na dawa zote ulizokwishapewa.

Kuna kosa moja la kalenda linalowapoteza wengi. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mkulima anayepangiwa miadi ya kila wiki kuanzia Januari hatakuja. Atakosa mara mbili, ataona aibu, hatarudi kabisa. Sema mapema kwamba wakati wa kupanda na kupalilia huwezi kuja kila wiki. Mwanasaikolojia mzuri atapanga kikao kimoja kirefu kwa mwezi, na simu katikati, mpaka mavuno.

Nitajuaje kama tatizo langu ni la mwanasaikolojia au ni la mwili?

Wengi huanza na mwili. Kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, tumbo linachoma, mgongo mzito, usingizi hauji. Mtu anatibiwa taifodi, kisha UTI, kisha vidonda vya tumbo, kisha taifodi tena, na kila safari anatoka na mfuko wa vidonge. Ukiwa umetibiwa ugonjwa uleule mara tatu ndani ya miezi michache na vipimo vinasomeka safi, ni wakati wa kumwambia daktari: "Naomba tuangalie na upande wa akili."

Kinyume chake ni kweli pia. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi la shingoni huweza kumfanya mtu achoke, akose raha na kulia ovyo, na hakuna mazungumzo yatakayotibu hayo. Ndiyo maana mwanasaikolojia makini huuliza lini ulipima damu mara ya mwisho.

Kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, kipimo kinachotumika sana ni dodoso la PHQ-9. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: kukosa hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona hufai, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, kuwa mzito au kuhangaika, na mawazo ya kufa. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 au zaidi zinahitaji mtaalamu aangalie, 20 na kuendelea ni hali nzito. Lakini swali la 9, la kufa au kujidhuru, halisubiri jumla. Mtu akiweka alama yoyote hapo zaidi ya 0, aulizwe zaidi siku hiyohiyo.

Ni wakati gani mtu asipelekwe kwa mwanasaikolojia kabisa?

Mtu aliyekuwa mzima juzi, leo anaongea vitu visivyoeleweka, hatambui watu, ana homa au anatetemeka: huyo ni wa idara ya dharura. Apimwe malaria, apimwe sukari, aangaliwe kama kuna maambukizi. Malaria iliyopanda kichwani inaua ndani ya siku chache, na kila mwaka wapo wanaopelekwa kwenye maombi au kwa mganga kwanza kwa sababu "amerukwa akili". Vivyo hivyo mlevi wa muda mrefu aliyeacha pombe ghafla akaanza kutetemeka na kuona vitu ndani ya siku 2 hadi 4. Huyo anaweza kupata degedege na kufa. Hospitali, siyo ushauri nasaha.

Na mwanamke aliyejifungua wiki chache zilizopita ambaye halali, anazungumza mambo ya ajabu kuhusu mtoto, au anasema mtoto si wake: hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.

Siku ya kwanza inakuwaje? Nibebe nini?

Beba kadi au daftari la kliniki, kadi ya bima, na maganda ya dawa zote unazotumia, pamoja na zile za dukani na za mitishamba. Maganda ni bora kuliko jina la kukumbuka, kwa sababu "vile vidogo vya njano" vinaweza kuwa dawa kumi tofauti. Andika kwenye karatasi mambo matatu: tatizo lilianza lini, nini kilikuwa kinatokea maishani wakati huo, na sasa linakuzuia kufanya nini.

Kikao cha kwanza ni cha maswali. Ataulizia usingizi, chakula, pombe, kazi, ndoa, utoto wako, ukoo wenu kama kuna aliyewahi kuugua hivi, na ataulizia kujiua hata kama hukutaja. Asipouliza hilo, hiyo ni dosari yake.

Jambo moja hutokea mno. Mtu anazungumza dakika 40 kuhusu kazi na kukosa usingizi. Muda unaisha, anasimama, anashika kitasa, ndipo anasema, "Halafu kuna jambo jingine…" Na hilo la mlangoni ndilo lililomleta. Ukijua una jambo la namna hiyo, liseme ndani ya dakika 10 za mwanzo, hata kwa kifupi, hata kwa kulisoma kwenye karatasi yako: "Kuna jambo gumu kulitaja, linahusu baba yangu." Yeye ataligawia muda wake.

Kama umesindikizwa na ndugu, omba uzungumze peke yako kwanza. Kwetu shangazi au kaka mkubwa huingia na kujibu kila swali kwa niaba ya mgonjwa, kwa nia njema kabisa, na kikao kinaisha bila mgonjwa kufungua mdomo. Ndugu aitwe mwishoni, kwa ridhaa yako.

Nilienda mara moja, akanisikiliza tu. Hakunishauri kitu. Hiyo ndiyo kazi?

Lalamiko hili ndilo linaloongoza, na lina pande mbili.

Upande mmoja, ulitarajia ushauri wa mzee: rudi kwa mkeo, acha kazi, msamehe ndugu yako. Mwanasaikolojia hafanyi hivyo, kwa sababu ya kiufundi zaidi ya adabu. Ushauri mwingi unaohitaji umeshaupata kwa mjomba, kwa mchungaji na kwa rafiki, na unaujua. Kinachokushinda ni kuutenda, na hapo ndipo kazi yake ilipo.

Chukua mtu anayeshikwa na hofu kali ndani ya daladala. Moyo unapiga, jasho, pumzi fupi, anahisi anakufa, anashuka kituo cha karibu. Hofu ya namna hiyo hupanda hadi kileleni kwa takriban dakika 10, kisha hushuka yenyewe hata usipofanya lolote. Tatizo ni kwamba yeye hushuka garini dakika ya 4. Mwili unajifunza: "Nimepona kwa sababu nimeshuka." Safari ijayo hofu inaanzia kituoni, halafu inaanzia nyumbani wakati wa kuvaa viatu, mwishowe mtu anatembea kwa miguu kutoka Area C hadi kazini au anaacha kazi. Kumwambia "jikaze, hakuna kitu" hakusaidii chochote.

Mwanasaikolojia atamwandikia ngazi. Ngazi ya 1: simama stendi ya Sabasaba dakika 20, bila kupanda, uandike hofu yako kwa alama 0 hadi 10 kila baada ya dakika 5. Ngazi ya 2: keti ndani ya daladala iliyosimama inasubiri abiria, kiti cha karibu na mlango. Ngazi ya 3: panda kituo kimoja ukiwa na mtu. Ngazi ya 4: kituo kimoja peke yako. Kisha vituo vitatu, kisha kiti cha nyuma saa ya msongamano. Kila ngazi inarudiwa siku kadhaa mpaka alama ishuke nusu ukiwa bado pale pale, na hapo neno "bado pale pale" ndilo tiba yote. Anayeruka ngazi anaungua na kuanza upya. Anayevumilia kwa kufumba macho na kusikiliza muziki masikioni anafika mwisho wa safari bila mwili kujifunza kitu.

Upande wa pili, inawezekana kweli ulikutana na mtu asiyejua kazi. Mpaka mwisho wa kikao cha pili au cha tatu unapaswa kuwa umeambiwa mambo haya kwa lugha ya kawaida: anadhani tatizo ni nini, mtafanya nini, kwa vikao takriban vingapi, na mtajuaje kama linapungua. Kama hujaambiwa, uliza wazi. Kama hana jibu, badilisha.

Ni vikao vingapi, na gharama?

Kikao ni dakika 45 hadi 60, mara nyingi kimoja kwa wiki mwanzoni. Kwa hofu ya aina moja au sonona isiyo nzito, vikao 8 hadi 16 ni kawaida. Majeraha ya utotoni, ulevi, au ndoa iliyovunjika vibaya huchukua muda zaidi. Wengi huacha baada ya kikao cha tatu au cha nne, pale nafuu ya kwanza inapokuja, kama mtu anayeacha dozi ya malaria homa ikishuka.

Kabla ya miadi uliza bei ya kikao, bei ya kufungua faili, na kama ukikosa kufika unatozwa. Kwenye hospitali za serikali, asiye na uwezo aombe kuonana na ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha. Aende na barua ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa, asiende mikono mitupu.

Nitajuaje kama ni mwanasaikolojia wa kweli?

Muulize: una shahada gani, ya chuo gani, ulifanya mafunzo ya vitendo wapi, na ukikwama na mgonjwa unamuuliza nani? Swali la mwisho ndilo linalowachuja. Mtaalamu ana msimamizi au wenzake anaojadiliana nao bila kutaja majina. Anayejibu "mimi sikwami" mkwepe.

Dalili nyingine mbaya: anaahidi kukuponya kwa kikao kimoja, anataka malipo ya vikao 10 mkononi, anaweka hadithi za wateja wake Instagram, anakuuzia virutubisho, au anakuita mkutane baa jioni. Mahusiano ya kimapenzi kati ya mwanasaikolojia na anayemtibu hayana sababu yoyote ya kuruhusiwa, hata kama wewe ndiye uliyeanza.

Na cheti cha "kocha wa maisha" siyo cheti cha saikolojia. Anaweza kukusaidia kupanga malengo ya biashara, asishike sonona.

Siri yangu itabaki siri? Mwajiri wangu atajua?

Dodoma ni mji wa watumishi, na swali hili linatoka zaidi Mtumba, kwenye ofisi za serikali, kuliko kijijini. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwajiri hana haki ya kusoma faili lako kwa sababu tu ni mwajiri. Ukihitaji karatasi ya mapumziko, omba iandikwe siku za kupumzika bila kutaja ugonjwa.

Kama ofisi yako ndiyo iliyokupeleka, uliza kabla hujafungua mdomo: ripoti itakwenda kwa nani, na itasema nini?

Siri ina mipaka, na mtaalamu anapaswa kukutajia mipaka hiyo kikao cha kwanza: ukiwa katika hatari ya kujiua, ukipanga kumdhuru mtu, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiagiza. Kuhusu mtoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye ushahidi wajibu wa kutoa taarifa, mwanasaikolojia akiwemo.

Mama yangu anajua Kigogo tu. Itawezekana?

Inawezekana, lakini ombeni mkalimani mapema. Wauguzi wengi wa hapa wanazungumza Kigogo, na wengine Kirangi au Kinyaturu. Msimtumie mjukuu. Bibi hatasema mbele ya mjukuu kwamba anatamani kufa, na mtoto atalainisha kila jibu. Mkalimani atafsiri neno kwa neno, asifupishe. Bibi akizungumza dakika tano na mkalimani akasema "anasema hajisikii vizuri", mrudishe mwanzo.

Na salamu ikamilike kwanza. Mzee aliyesalimiwa "mbukwenyi" na kuulizwa habari za nyumbani anafungua moyo haraka kuliko aliyewekewa dodoso mezani.

Mume wangu hataki kuja. Ndoa yetu inakufa.

Njoo peke yako. Kikao cha mmoja kinaweza kubadili namna mnavyogombana, kwa sababu ugomvi unahitaji watu wawili wacheze sehemu zao. Mwambie mume: "Nimeenda kwa ajili yangu, ningependa uje mara moja mwanasaikolojia aseme nawe." Mwaliko wa mara moja hupokelewa zaidi kuliko "twende tukatibiwe".

Familia nyingi za watumishi zimeishi nusu Dar es Salaam nusu Dodoma tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024 wengi huonana kila wikendi. Wapo wanaogombana zaidi sasa kuliko walipoonana mara moja kwa mwezi. Hilo linatibika. Panga miadi Ijumaa mchana au Jumatatu asubuhi, siyo katikati ya wiki ambapo mmoja hayupo.

Mkiwa mmeshafikia talaka, mwanasaikolojia si mbadala wa baraza la usuluhishi la ndoa. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, shauri la talaka kwa kawaida hupitia kwanza baraza hilo, na barua ya mwanasaikolojia haichukui nafasi ya hati yao.

Mtoto wangu ameshuka darasani na amekuwa mkorofi.

Kabla ya yote apimwe macho na masikio. Utashangaa ni wakorofi wangapi hawaoni ubao. Kisha uliza shuleni kama anapigwa au anaonewa, na njiani anapita wapi. Mwanasaikolojia atazungumza na wewe, na mwalimu, na mtoto kwa kucheza au kuchora. Akikuletea kipimo cha akili chenye namba, muulize kilitengenezwa kwa watoto wa wapi. Kipimo kinachouliza vitu ambavyo mtoto wa Hombolo hajawahi kuviona kitampa alama ndogo bila haki.

Ukihisi mtoto anadhulumiwa, piga 116, simu ya watoto, ni bure. Au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Je, nikiendelea na maombi, au mganga wa kienyeji?

Endelea na maombi. Hakuna mwanasaikolojia mwenye akili atakayekuzuia kusali, na imani huwashikilia wengi hai. Mambo matatu tu hayakubaliki popote yanapofanyika: kuachishwa dawa, kufungwa kwa kamba au minyororo, na kunyimwa chakula na maji. Mfungo wa siku tatu bila maji kwa mtu anayetumia dawa za akili unaweza kumpeleka chumba cha wagonjwa mahututi. Mwambie mtaalamu mitishamba uliyopewa pia, si kwa kujitetea, ila kwa sababu mingine hugongana na vidonge.

Naweza kufanya kwa simu?

Ndiyo, na kwa walio mbali ni msaada mkubwa. Shida kubwa kuliko bando ni ukuta. Kwenye nyumba nyingi za kupanga kuta za vyumba haziendi mpaka juu, na jirani husikia hata ukikohoa. Vaa visikilizi, jibu kwa maneno mafupi wewe ukiwa ndani, au toka ukae garini au chini ya mti uliotulia. Sauti tu hutumia bando dogo kuliko video na mara nyingi inatosha. Kikao cha kwanza kifanyike uso kwa uso ikiwezekana, na mtaalamu awe na namba ya ndugu yako mmoja na jina la mtaa ulipo, ili hali ikiwa mbaya ajue pa kumtuma mtu.

Ndugu yangu anasema amechoka kuishi. Nifanye nini sasa hivi?

Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Humpa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, uliza kama ameshafikiria njia na kama kitu hicho kiko karibu. Ondoa nyumbani dawa za kuulia wadudu na panya, kamba, na akiba ya vidonge, hata vya bibi. Asiachwe peke yake. Mpeleke idara ya dharura ya hospitali yoyote kubwa, usiku au mchana. Msisubiri kliniki ya Jumatatu.

Kama ameshakunywa sumu, msimtapishe na msimpe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu, na mtu aliyelegea anaweza kuyavuta mapafuni. Bebeni chupa au pakiti ya sumu, daktari ataihitaji kuchagua tiba. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inataja kujaribu kujiua kuwa kosa, na kwa hofu hiyo ndugu husema hospitalini kwamba "amekula chakula kibaya". Daktari anatibu kitu kisichokuwepo, saa zinapita. Semeni kweli.

Hatuelewani na mwanasaikolojia wangu. Naruhusiwa kubadilisha?

Unaruhusiwa, na wala hahitaji kukubali. Mpe kikao kimoja cha kumwambia kinachokukera, kwa sababu wakati mwingine ni jambo dogo, kama kuangalia simu au kukuita "mama" wakati hupendi. Ukiamua kuondoka, omba muhtasari wa ulichofanya naye, ukurasa mmoja unatosha, umpelekee anayefuata ili usianze kusimulia upya tangu mwanzo.